Siku ya mwisho bila mtungi: safari za wazamiaji wa Uganda kwenye matumbawe ya pwani

Mzamiaji_Entebbe (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Jambo hili limenikaa moyoni tangu tuliporudi kutoka Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, na kwa kuwa mkutano wa klabu wa kupanga safari ijayo umekaribia, nimeona niliandike hapa kwa urefu, ili hata wasio wanachama ambao wanafikiria kujifunza kuzamia walisome. Ombi langu ni moja: katika kila safari ya pwani, siku ya mwisho ipite bila mtu yeyote kuvaa mtungi wa hewa, na siku hiyo tuitumie kujifunza matumbawe kwa miguu, tukiwa juu ya maji, pamoja na wenyeji. Baadhi ya wenzetu wanaiona kuwa ni siku ya kulipia chumba na chakula bila kupata kitu. Mimi ningekuwa tayari kupunguza siku nyingine yoyote kabla ya kuigusa hiyo.

Nianze na mwili. Mzamiaji anavuta hewa iliyoshindiliwa, na kila mita 10 anazoshuka zinaongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya bahari. Akiwa mita 18 chini, shinikizo ni karibu mara tatu ya lile la ufukweni, na naitrojeni iliyo katika hewa ile inayeyuka ndani ya damu na misuli yake. Akipanda polepole na kusimama dakika tatu kwenye mita 5 kama tulivyofundishwa, sehemu ya gesi hiyo hutoka salama kupitia mapafu, lakini nyingine hubaki mwilini kwa saa nyingi. Shinikizo la nje likipungua tena kabla gesi haijaisha, inatengeneza mapovu, kama soda inavyofanya chupa inapofunguliwa. Ndiyo maana mzamiaji haruhusiwi kupanda ndege mara tu atokapo majini: baada ya kuzama mara moja anashauriwa kusubiri saa 12, na baada ya kuzama mara kadhaa kwa siku kadhaa, angalau saa 18.

Wengi wetu tunaisikia kanuni hiyo, tunajiambia kwamba sisi hatupandi ndege, sisi ni watu wa treni na basi, na tunaisahau. Hapo ndipo Mganda anapokosea, kwa sababu kwetu ni juu. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya kulifikia kutoka Mombasa ni lazima upite Nairobi, iliyo karibu mita 1,700, kisha upande nyanda za juu hadi Timboroa, ambako barabara inapita zaidi ya mita 2,500. Hewa ndani ya ndege ya abiria kwa kawaida haipunguzwi kupita kiwango cha mita 2,440. Kwa hiyo abiria wa basi anayepita Timboroa usiku, akiwa amejifunika blanketi, yuko juu zaidi kuliko mwili wa abiria wa ndege unavyohisi.

Hili sikulisoma tu. Mwaka juzi tulizama siku tatu mfululizo, na asubuhi ya siku ya nne tukaomba tuzame mara moja tena kabla ya kuondoka. Aliyetuhudumia pale alituambia kwamba kusafiri kwa barabara hakuna shida, nasi tukafurahi kusikia tulichotaka kusikia. Tulitoka majini karibu saa tatu asubuhi, tukakimbilia treni ya alasiri, na usiku huohuo tukaunganisha Nairobi kwa gari la kukodi kuelekea Malaba. Tulipokuwa tunapanda kupita Limuru, dada mmoja wa kundi letu alianza kushika bega la kushoto. Alidhani ni kwa sababu ya kubeba mitungi. Baada ya nusu saa hakuweza kuunyoosha mkono, na vidole vilikuwa vikimchoma kama vimekaliwa. Tuliingia hospitali ya kwanza tuliyoiona, akawekewa oksijeni, na daktari wa zamu, ambaye alikiri hajawahi kumtibu mzamiaji, alikaa kwenye simu na wataalamu hadi alfajiri. Namshukuru Mungu kwamba maumivu yalipungua na hayakuacha kilema. Dada yule hajazama tena tangu siku hiyo. Mimi ndiye niliyepanga ratiba ile, na ndiyo sababu naandika.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda. Tangu tukio lile tunakaa saa 24 kamili pwani baada ya kuzama mara ya mwisho, na mwanzoni siku hiyo ilikuwa ya kulala na kununua halua. Katika safari ya mwisho siku hiyo tuliipitisha kisiwani Wasini, ng'ambo ya Shimoni, na nilijifunza katika asubuhi moja mambo ambayo sikuyapata katika kuzama mara 30 na zaidi.

Nyuma ya kijiji cha Wasini kuna uwanda wa matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu, mawe ya kijivu yaliyochongwa na maji hadi yakawa kama majengo, na katikati ya mikoko pamejengwa njia ya mbao inayosimamiwa na akina mama wa kisiwa. Mama aliyetuongoza alituonyesha kwanza ukuta wa nyumba. Niliweka kidole juu ya jiwe moja na nikahisi vijitundu vilivyopangana, kila kimoja na umbo la nyota, si kikubwa kuliko punje ya mtama. Kila kijitundu, alieleza, kilikuwa nyumba ya mnyama mmoja. Nilikuwa nimeelea juu ya matumbawe hai kwa miaka minne nikiyatazama kama maua ya mawe, na sikuwa nimeelewa kwa vidole vyangu kwamba jiwe lile limejengwa na wanyama.

Mnyama huyo, polipu, ni jamaa wa yavuyavu, ila yeye hujishikiza mahali pamoja na kujijengea kikombe cha chokaa. Ndani ya nyama yake wanaishi mwani wadogo wasioonekana bila hadubini, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wao sehemu kubwa ya nguvu anazohitaji; yeye anawapa makao na mbolea. Rangi nyingi tunazozisifu ni rangi za wapangaji hao. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa kiangazi hata kwa nyuzi moja tu ya selsiasi, na hali hiyo ikadumu kwa wiki kadhaa, mapatano yanavunjika, mwani wanatoka, na tumbawe linabaki jeupe. Halijafa bado, bali lina njaa, na joto likishuka mapema linaweza kupona. Mwaka 1998 bahari yetu ya Hindi ya magharibi ilipigwa vibaya sana na joto hilo, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia iko katika upaukaji mkuu wa nne. Tumbawe la mviringo unaloweza kulikumbatia hukua karibu sentimita moja kwa mwaka. Fanya hesabu, kisha fikiria pezi la mzamiaji mmoja asiyejali.

Naomba maoni yenu, hasa ya wanaopinga.

Mhasibu_wa_Jinja

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa maelezo, na nasikitika kwa yaliyomkuta dada yetu. Hata hivyo mimi ndiye ninayekusanya michango, na ninajua wanachama wanavyojikakamua. Siku moja ya ziada ni chumba, ni milo mitatu, na kwa waajiriwa ni siku ya likizo isiyorudi. Je, haiwezekani tuzame asubuhi ya mwisho, tushuke Nairobi usiku, tulale hapo, na kuendelea na safari kesho yake jioni? Saa 24 zitakuwa zimetimia kabla ya Timboroa, na wenye shughuli Nairobi watazifanya.

Mzamiaji_Entebbe

Ndugu Mhasibu, nimeutafakari mpango huo, na tatizo lake ni kwamba Nairobi yenyewe iko juu ya Kampala. Ukifika pale saa 12 baada ya kutoka majini, umeshapanda mita 1,700 ukiwa na gesi ya siku nne, na kulala hapo si kusubiri, ni kuvumilia. Mahali pa kusubiri ni ufukweni. Kuhusu fedha, napendekeza tupunguze siku moja ya kuzama badala ya kuongeza siku ya safari. Mtungi, mashua na mwongozaji vinatugharimu zaidi ya chumba na wali wa nazi, kwa hiyo huenda michango ikashuka badala ya kupanda. Najua wapo wanaohesabu idadi ya kuzama katika daftari zao, nami nilikuwa mmoja wao.

Kijana_wa_Bombo

Wakubwa zangu, shikamooni. Nina swali ambalo huenda likaonekana la mtu wa bara. Sisi tuna ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lina visiwa vya Ssese, lina samaki. Kwa nini tusizame kwetu, tukajifunza mambo ya kwetu, badala ya kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwenda kutazama samaki wa watu wengine? Na pili, mnajifunzia wapi kuzamia kama si ziwani?

Mzamiaji_Entebbe

Marahaba, kijana. Swali lako si la mtu wa bara hata kidogo, na nitalijibu kwa kuanzia mwisho.

Mafunzo ya mwanzo tunayafanya katika bwawa la kuogelea hapa Kampala. Ziwani maji ni ya kijani, mara nyingi huoni mkono wako ukiunyoosha, na karibu na mwambao kuna kichocho na mahali pengine mamba. Isitoshe, kuzama mahali pa juu kama kwetu kunahitaji majedwali ya kina na muda wa kuzama yaliyo tofauti na yale ya baharini, jambo ambalo mwanafunzi mpya hapaswi kubebeshwa. Bwawa lina somo lake la kushangaza. Nilizoea kuvaa mkanda wenye kilo 4 za vipande vya madini ya risasi, nikashuka vizuri kabisa kwenye maji yasiyo na chumvi ya bwawa. Siku ya kwanza Kisite, hifadhi ya bahari iliyo karibu na Wasini, nilitoa hewa yote katika jaketi la kuelea, nikatoa na ya mapafuni, na bado nilielea kama kizibo, wenzangu wote wakiwa wameshashuka wananitazama kutoka chini. Maji ya chumvi ni mazito zaidi, na mwili pamoja na vifaa vyote ukivipima kilo 90, unahitaji kilo 2 na zaidi za nyongeza ili uzame. Nahodha alinipa vipande viwili bila kusema neno. Alikuwa ameshawaona Waganda.

Sasa kuhusu samaki wa watu wengine. Sote tulifundishwa shuleni kwamba mtu aliyelala fofofo amelala usingizi wa pono. Niliandika nahau hiyo katika mtihani na sikuwahi kujiuliza pono ni nani. Pono ni samaki wa matumbawe, mwenye mdomo mgumu kama wa kasuku, na usiku baadhi ya aina zake hujifunika utando wa ute zinaoutoa zenyewe na kulala ndani yake bila kujigusa. Wavuvi wa pwani waliyaona hayo wakaacha neno ambalo limefika hadi darasa la Kiswahili la Luwero. Mchana utamsikia kabla ya kumwona: mlio mkavu wa kuguguna, kama mtu anayetafuna mfupa chumba cha pili, halafu wingu la mchanga mweupe linamtoka nyuma na kushuka taratibu. Anakwangua mwani wanaotaka kuyafunika matumbawe, na mawe anayoyameza anayasaga kwa meno yaliyo kooni. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe unaoutandikia taulo imepita katika tumbo la pono.

Meno hayo ya kooni ndiyo yaliyonirudisha nyumbani. Furu wa ziwa letu, wale ambao Waganda wanawaita nkejje, nao wana taya la pili kooni, na wataalamu wanaliona kuwa mojawapo ya sababu zilizowafanya wagawanyike kuwa mamia ya aina, huyu wa kuvunja konokono, yule wa kukwangua mwani kwenye miamba, mwingine wa kula mayai ya wenzake. Ziwa letu lilikuwa na utajiri wa kulinganishwa na matumbawe. Kisha sangara akatiwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka, maji nayo yakachafuka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa hazionekani tena. Mimi nilizaliwa Entebbe, na sikuwahi kuyaona maji ambayo babu yangu aliyavua. Nikielea juu ya mwamba ulio hai kule Kisite, nikaona samaki kama changu, tasi na chewa, na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akichungulia kutoka tunduni, na kila mmoja na kazi yake, ninaona kitu kinachofanana na tulichopoteza kabla sijazaliwa. Sisafiri kilomita 1,100 kukimbia ziwa letu.

Mama_Ntinda

Nimefuata mazungumzo haya kwa makini. Mwanangu wa kike ana miaka 12, anaogelea vizuri lakini hajajifunza mtungi, na mimi mwenyewe siwezi kuzama kwa sababu ya masikio. Je, siku hiyo ya mwisho inatufaa sisi pia? Na tujipake nini dhidi ya jua? Nimesikia kwamba mafuta mengine yanadhuru matumbawe.

Mzamiaji_Entebbe

Dada, hiyo ndiyo siku yenu hasa, kwa maana siku hiyo sote tunakuwa sawa. Siku nyingine mnaweza kupanda mashua pamoja nasi na kutazama kwa miwani na mrija, kwani matumbawe mazuri zaidi ya Kisite hayako kilindini. Rangi nyekundu inaanza kufifia ukipita mita 5 tu. Mashirika makubwa ya mafunzo hupokea watoto kuanzia miaka 10, kwa hiyo binti akipenda, wakati wake umefika. Kuhusu jua, ni kweli kwamba baadhi ya kemikali za mafuta zimekatazwa mahali kama Hawaii na Palau. Sisi tunavaa fulana ya mikono mirefu na kofia, na binti hatahitaji kupaka zaidi ya uso.

Mpwani_Kampala

Nimezaliwa upande wa Vanga, nina miaka 20 hapa Kampala, na ni mara yangu ya kwanza kuandika katika uzi huu. Mmenigusa, lakini nina mambo ya kurekebisha.

Kwanza, mkisema kujifunza kwa miguu, mtu asiyejua atadhani anaweza kutembea juu ya mwamba maji yakipwa. Msifanye hivyo. Tembeeni kwenye mchanga na nyasi za bahari, na pale Wasini kwenye njia ya mbao. Ndani ya hifadhi ya Kisite hamtakiwi kukanyaga wala kuokota chochote, hata kombe tupu.

Pili, mkikaa na wavuvi siku hiyo, wasikilizeni zaidi kuliko mnavyowauliza. Hifadhi ile ilitengwa mwaka 1973, na baba zetu walikuwa wakivua hapo. Wengine hadi leo wanaona walinyang'anywa, na wengine wanakubali kwamba samaki wanaotoka nje ya mpaka ndio wanaowalisha. Nyote mtasikia zote mbili katika baraza moja. Kaskazini, Kuruwitu katika kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao, na samaki wamerudi. Hayo yana uzito wake kwa sababu yalitoka kwao. Waulizeni pia kuhusu kikande. Samaki huyo anapovuliwa akaisha, yule mnyama mwenye miiba mirefu myeusi kama nungu, ambaye ndiye chakula chake, huongezeka akautafuna mwamba hadi ukawa vumbi.

Tatu, ratiba yenu inafuata kalenda ya ofisi, na bahari haiijui kalenda hiyo. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu kuna bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita tatu na zaidi, mikondo ina nguvu na maji yanavurugika. Katikati ya hapo kuna maji mafu, yametulia, na huo ndio wakati wa kuzama. Kwetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Basi anzeni kuzama mwezi ukiwa na siku tisa au kumi, na siku yenu ya mwisho iangukie mwezi ukiwa na siku kumi na tatu au kumi na nne. Mtapata maji mafu mkiwa chini na bamvua mkiwa juu, na uwanda wote utakuwa wazi mbele yenu mchana kweupe. Na njooni wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki. Katika miezi ya kusi, upepo wa kusini, mashua itawatesa na hamtaona mbali.

Mzamiaji_Entebbe

Mzee wangu, asante sana. Miaka minne tumepanga safari kwa kuangalia sikukuu za serikali, na hakuna aliyewahi kutuambia tuangalie mwezi. Nimefungua kalenda sasa hivi. Nitapeleka mkutanoni pendekezo la siku tatu za kuzama na ya nne ya Wasini, kuanzia mwezi wa siku kumi, wakati wa kaskazi. Ukiweza kuja kwenye mkutano wenyewe, tutakupa nafasi ya kwanza ya kuzungumza.

Mhasibu_wa_Jinja

Nimepiga hesabu upya kwa kuondoa siku moja ya mitungi na kuweka usiku mmoja wa ziada, na kweli mchango unashuka kidogo. Kilichobaki ni bei ya mashua ya kutuvusha Wasini na kiingilio cha njia ya mbao kwa watu 14, pamoja na Mama Ntinda na binti yake kama watathibitisha. Mzee Mpwani, kama unamfahamu nahodha wa kuaminika pale Shimoni, naomba umuulize.